Nyaya za kupima presha ya moyo: maoni ya anayezifungua

Wauzaji wa nyaya za presha wana slaidi moja wanayoipenda wote: mshipa wa moyo umechorwa mwekundu, katikati umebanwa, pembeni pameandikwa 0.80. Baada ya hapo kila mmoja huvutia kwake. Huyu waya wake hauna kebo. Yule wake hauhitaji dawa. Wa tatu anasema waya wenyewe umepitwa na wakati, kompyuta inatosha. Nasi tumekaa na kahawa ya tangawizi, tunasikiliza.

Mimi ni fundi wa kathilabu, chumba cha kupimia na kutibia mishipa ya moyo, hapa Mombasa. Ndiye ninayefungua pakiti, ninayeunganisha, ninayepiga sifuri, na ninayekodolea macho skrini ya presha wakati daktari macho yake yako kwenye eksirei. Mgonjwa akishatoka, ndiye ninayeandika kilichotumika na kukipeleka kwa watu wa bili. Ukitaka kujua waya upi unapita vizuri kwenye kona za mshipa, muulize daktari. Haya ni ya mtu wa pembeni ya meza, na pembeni ya meza kuna mengi.

Kwa asiyekijua kitu chenyewe: angiografia ni picha ya kivuli. Unamwaga dawa ya rangi kwenye mishipa inayolisha moyo, eksirei inapiga, unaona palipobanwa. Mbano wa asilimia 90 hauna ubishi mwingi. Wa 30 unaachwa. Taabu iko katikati, 50 hadi 70, ambapo madaktari wawili wenye miaka mingi kazini watatazama picha moja na kukupa majibu mawili. Kivuli hakisemi kama damu inayopita inatosha. Hapo ndipo waya unapoingia. Unene wake ni milimita 0.36, sawa na waya wa kawaida wa kupitishia puto na stenti (kijibomba cha wavu kinachoachwa ndani kuushikilia mshipa wazi), ila huu una sensa ya presha sentimita 3 hivi kutoka kwenye ncha. Unaupitisha mpaka ng'ambo ya mbano, unapima presha ya huko, unaigawa kwa presha ya mshipa mkuu. Huku 100, kule 72, jibu ni 0.72. Likiwa 0.80 au chini, mbano huo unaunyima moyo damu. Likiwa juu ya hapo, kwa kawaida dawa za kumeza zinatosha na stenti haina kazi.

Kipimo hicho kinaitwa FFR, na waliokijenga ni Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji. Makala yao iliyokitangaza ilitoka 1996. Lakini kilichowafanya wauzaji wapande ndege ni utafiti wa FAME wa 2009. Wagonjwa 1,005, vituo 20 vya Marekani na Ulaya, nusu wakawekewa stenti kwa kuangalia picha peke yake, nusu kwa picha na waya. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa, waliopata mshtuko wa moyo au waliohitaji kurudiwa walikuwa asilimia 18.3 upande wa picha na 13.2 upande wa waya. Na stenti zilizotumika kwa kila mgonjwa zilikuwa wastani wa 2.7 upande mmoja na 1.9 upande wa pili. Mimi tarakimu ninayoishika ni hiyo ya mwisho. Huko walikoitafiti ni wastani tu. Hapa kwetu stenti moja ya ziada ni kundi la WhatsApp la harambee, na mjomba aliye Doha kupigiwa simu usiku.

Sasa dawa. Ili FFR iwe FFR, mishipa midogo ya moyo lazima ifunguke kabisa, na dawa inayofanya hivyo ni adenosini, kwa kawaida mikrogramu 140 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa kila dakika, kwa mshipa wa mkono. Dawa yenyewe ni salama na ikifungwa inakwisha mwilini ndani ya sekunde chache, ila ikiwa inaingia mtu anahisi kifua kinabanwa na pumzi inakimbia. Tulikuwa na mzee mmoja wa Changamwe, maisha yake yote aliendesha winchi bandarini. Dawa ilipoanza kushika akaniita.

"Mwanangu, dawa yenu hii ina jini."

"Ni dakika mbili tu, Mzee. Itaondoka yenyewe."

"Dakika mbili za saa ya nani?"

Akatoka na 0.86. Hakuna stenti. Alipoelezwa akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo hamkuniwekea kitu?" Hatukukuwekea, Mzee. "Na huo waya nalipa?" Analipa, ndiyo. Waya ni wa mara moja, ukishatoka kwenye pakiti umekwenda. Hili swali la mzee ndilo linalotusumbua kuliko teknolojia yote nitakayoitaja hapa chini, kwa sababu bima nazo huuliza vilevile: mbona mmetumia kifaa cha bei na hamkufanya kitu? Kuna kampuni moja ya bima ilitukatalia bili namna hiyo, na barua ya kuwaeleza kwamba kutoweka stenti ndio matibabu yenyewe ilikwenda ikarudi mpaka tukachoka.

Ushindani wa kwanza mkubwa, basi, ulikuwa wa kuiondoa adenosini. Watu wa Imperial College London wakishirikiana na kampuni ya Volcano ya Marekani walitoa iFR: unapima presha katika kipande cha pigo la moyo ambapo mshipa umetulia wenyewe, bila dawa, na mpaka ni 0.89 badala ya 0.80. Mwaka 2017 tafiti mbili, DEFINE-FLAIR na iFR-SWEDEHEART, zenye wagonjwa zaidi ya 4,500 kwa jumla, zilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja njia hii haikuwa duni kwa FFR. Jina iFR lina mwenyewe, kwa hiyo kila mshindani akaja na lake: Abbott wana RFR, Boston Scientific wana DFR, Opsens wana dPR. Ukimkalisha muuzaji atakuchorea tofauti zake kwenye karatasi, huyu anachukua pigo zima, yule nusu ya pili tu. Mpaka wa wote ni 0.89. Mimi nilipoona hivyo nikajua mashindano ya majina yameisha, tuangalie mengine. Daktari wetu anapenda kuanza bila dawa, na ikitoka 0.88 au 0.90, pale ukingoni, ndipo anaomba adenosini. Wagonjwa wanamshukuru, nami nabakiwa na dawa kabatini.

Wenye soko lenyewe wamebadilika sana, na hili linafika mpaka kabatini kwangu. Waya wa kwanza wa maana ulitoka Uppsala, Uswidi, kwa kampuni ya Radi. St. Jude Medical wakainunua Radi mwishoni mwa 2008. Abbott wakainunua St. Jude mwanzoni mwa 2017 kwa dola bilioni 25. Volcano ikanunuliwa na Philips mwaka 2015 kwa dola bilioni 1.2. Opsens wa Quebec, Kanada, wakachukuliwa na Haemonetics mwisho wa 2023 kwa zaidi kidogo ya dola milioni 250. Kule ni habari za soko la hisa. Huku maana yake ni kwamba wakala uliyemzoea, aliyekuwa akijua jina lako na saa unayokunywa chai, anaamka asubuhi si wakala tena. Nembo kwenye boksi inabadilika, namba ya kuagizia inabadilika, na mtu mpya anakwambia mashine uliyo nayo "bado inahudumiwa" kwa sauti ambayo haikutulizi.

Bidhaa zenyewe, moja moja.

PressureWire X ya Abbott ndiyo yenye ukoo wa Uppsala. Ina toleo lisilo na kebo: mwisho wa waya kuna kisambazaji kidogo kinachorusha ishara kwenye mashine. Kwa meza yenye fujo kama yetu, kebo moja kupungua si haba. Lakini sifa yake kubwa kwangu ni kwamba sensa inahisi joto pia, si presha peke yake. Unapiga maji ya chumvi ya joto la chumbani kwa haraka, waya unahesabu muda inaochukua kufika, na kwa programu ya CoroFlow unapata CFR na IMR, yaani hali ya mishipa midogo isiyoonekana kwenye picha. Kuna wanawake wengi wanaokuja na maumivu ya kweli ya kifua, angiografia safi, wanarudishwa nyumbani wakiambiwa ni gesi au ni mawazo. Waya huu unaweza kuwapa jibu. Ningekuwa na uwezo wa kununua kitu kimoja kwa sababu moja, ni hii.

OmniWire ya Philips inavutia kwa kitu kingine: ukiuvuta waya taratibu kutoka chini ya mshipa kuja juu, mfumo wao unaweka nukta juu ya picha ya angiografia kuonyesha presha inapotea wapi hasa. Mshipa wenye mbano tatu zinazofuatana, unajua ipi ndiyo mwizi. Ni kitu kizuri kukiona, wallahi. Ila uzuri huo unakamilika ukiwa umenunua familia nzima, mashine na programu zake, na hospitali zetu nyingi zimejengwa kwa viraka: eksirei ya huyu, monita ya yule, pampu ya msaada.

OptoWire ya Opsens na Comet ya Boston Scientific zinatumia mwanga badala ya umeme. Ndani ya waya kuna faiba, na presha inasomwa kwa namna mwanga unavyorudi kutoka kwenye sensa. Hapa mtu wa Mombasa asikilize. Nyaya za umeme zina pete ndogo mwishoni ambazo lazima ziwe kavu, tone la damu au la maji ya chumvi likiingia kwenye kiunganishi, mstari kwenye skrini unaanza kutetemeka, unavua, unafuta kwa kitambaa kikavu, unachomeka tena, daktari anauliza "vipi?" na huna jibu. Katika mji ambao hewa yenyewe ina chumvi na kiyoyozi kikizima kila kitu kinatoa jasho, hoja ya mwanga ina uzito kuliko inavyopewa kwenye slaidi za Ulaya.

Navvus ya ACIST si waya, ni katheta, yaani mrija mwembamba, yenye sensa inayopanda juu ya waya wowote ulio nao. Daktari habadilishi waya wake aliouzoea, na hilo wanalipenda. Lakini ni nene kuliko waya, na kwenye mbano uliokaza sana unene wake unaziba njia kidogo na kushusha jibu.

Niseme jambo moja la mezani ambalo hakuna muuzaji atakwambia kwa sababu haliuzi. Makosa mengi ya kipimo hiki hayatoki kwenye waya wa kampuni yoyote. Waya ukiwa bado umezungushwa kwenye hupu yake unaujaza maji ya chumvi, unaulaza sawa, unapiga sifuri. Kisha unaupeleka mpaka sensa ifike mdomoni mwa katheta na kusawazisha presha mbili ziwe moja. Sasa tazama pale kwenye kiunganishi cha Y, mahali waya unapoingilia: ile sindano ya kuingizia waya, imetolewa au bado imo? Ikibaki, presha inavuja, ya mshipa mkuu inasomeka chini, na jibu linapanda. Mgonjwa aliyekuwa 0.79 anakuwa 0.82, anakwenda nyumbani na mbano wake. Na ukisawazisha sindano ikiwa ndani kisha ukaitoa baadaye, umeharibu upande wa pili. Baada ya kupima, waya unavutwa tena mpaka mdomoni mwa katheta kuona kama presha mbili bado ni sawa. Sisi 0.98 hadi 1.02 tunaikubali. Ikizidi hapo, tunasawazisha na kurudia, hata kama daktari ana klinika inamsubiri. Na kwa kuwa waya mmoja unaweza kupima mishipa yote mitatu ya mgonjwa yuleyule, usikubali mtu akufungulie wa pili ati wa kwanza "umechoka" kabla hujaangalia kiunganishi.

Upande wa wasiotaka waya kabisa, mashindano ni makali zaidi na ahadi ni kubwa. HeartFlow wa California wanachukua picha za CT za mishipa ya moyo, wanazitumia kompyuta kukokotoa FFR ya kila tawi, wanakurudishia mchoro wenye rangi. Marekani walikubaliwa 2014, Uingereza shirika la NICE liliipendekeza 2017, na mwaka 2025 kampuni iliingia soko la hisa. Mgonjwa hata mezani hapandi. Watu hudhani kizuizi chetu ni mtandao. Mtandao upo, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapahapa Mombasa mwaka 2009. Kizuizi ni ada ya kila mgonjwa kwa dola, mashine ya CT yenye kasi ya kuushika moyo ukipiga na mtu anayejua kuitumia kwa kazi hiyo, na picha za mgonjwa kuvuka mpaka wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo mwanasheria wa hospitali amegundua anaipenda.

Wengine wanakokotoa kutoka kwenye angiografia ileile tunayoipiga kila siku. CathWorks wa Israeli wana FFRangio, na Medtronic waliingia nao ubia 2022 wenye haki ya kuwanunua. Medis wa Leiden, Uholanzi, na Pulse Medical wa Shanghai wana QFR. Hapa mimi nilivutiwa kweli, kwa sababu hakuna kitu cha kutupa baada ya kila mgonjwa. QFR ya kawaida inataka picha mbili za mshipa uleule, pembe zitofautiane angalau digrii 25, mshipa usifunikwe na mwingine, na dawa ya rangi ipigwe vizuri. Yaani inataka fundi aliyetulia. Wachina walifanya utafiti mkubwa, FAVOR III China, wagonjwa zaidi ya 3,800, ukatoka 2021: baada ya mwaka mmoja, matukio mabaya asilimia 5.8 kwa QFR na 8.8 kwa jicho peke yake. Sifa zikatanda. Kisha 2024 ukatoka FAVOR III Europe, uliolinganisha QFR na waya wenyewe, na hapo QFR ikapata 6.7 dhidi ya 4.2 za FFR. Muuzaji aliyekuja kwetu alikuwa na slaidi ya China. Ya Ulaya nilimtolea mimi kwenye simu yangu. Kwa haki yake, alicheka, akasema, "Dadangu, umenimaliza."

Lakini zisome hizo tafiti mbili pamoja. QFR imeshinda jicho, haijaushinda waya. Kwa kathilabu ambayo waya unapatikana kila siku, hiyo ni sababu ya kutoinunua. Kwa kathilabu ambayo waya unakuja mwezi huu na haupo miezi inayofuata, anayeshindana na QFR si waya, ni jicho.

Upande wa upasuaji wa baipasi sina mengi. Huko mfalme ni Medistim wa Oslo, na Transonic wa Ithaca, New York, wako pia. Wanapima mtiririko wenyewe, mililita kwa dakika, kwa kibanio cha ultrasaundi kinachovishwa kwenye mshipa uliopandikizwa kabla kifua hakijafungwa. Chini ya mililita 20 kwa dakika na fahirisi ya mapigo (jinsi mtiririko unavyopanda na kushuka kwa kila pigo) juu ya 5, mpasuaji anajua mshono una walakini na anaurudia palepale. Vibanio vinasafishwa na kutumika tena. Kifaa cha watu wenye busara. Ningependa kifaa cha kwetu nacho kingefikiriwa hivyo.

Maana hapa ndipo ninapotaka kukaa. Mashine ya kusomea waya mara nyingi hailipiwi. Inaletwa "bure", mnatia sahihi kwamba mtanunua nyaya kadhaa kwa mwaka. Waya wa kampuni hii hausomeki kwenye mashine ya ile. Ni kama mitungi ya gesi enzi zile kila kampuni ilipokuwa na valvu yake na rigyuleta yake: ukishanunua mtungi umeolewa. Kwenye gesi serikali iliingilia ikataka valvu moja. Kwenye nyaya za moyo hakuna wa kuingilia, na kwa kuwa kila mtu anauza tarakimu ileile, 0.80 au 0.89, faida yote iko kwenye kufuli.

Kuna wakala mmoja tulifanya naye kazi, jina naliacha. Mashine ilifika na keki ikakatwa. Nyaya za kwanza zilikuja na muda mzuri. Shehena iliyofuata ilikuja kwenye maboksi ya tano tano, imebakisha miezi michache kuisha muda, na sisi wagonjwa wetu si wengi kama wa Nairobi; nyaya tano zinaweza kutukalisha. Nilipopiga simu nikaambiwa shehena imeshatolewa stoo, hairudi. Kebo ya kuunganisha mashine na monita yetu ya presha ilipokufa, ikasemwa fundi atakuja. Fundi yuko Nairobi, bosi wa fundi yuko Dubai, na kipuri kinasubiri idhini ya mtu ambaye Ijumaa mchana kwake wikendi imeshaanza. Mashine ikakaa imefunikwa shuka la kijani kama maiti ya heshima. Daktari akarudia kukisia kwa jicho, na mgonjwa hakujua kilichokosekana.

Kichekesho ni kwamba sisi tunaoishi kando ya bandari ya Kilindini, waya wetu haujawahi kupita Kilindini. Unashuka Nairobi kwa ndege, unapumzika stoo Industrial Area, unateremka kwa treni au kwa basi la usiku. Makontena ya dunia nzima tunayaona kutoka dirishani, waya wa gramu chache unatupita.

Ripoti za soko za kimataifa, zile zinazouzwa kwa maelfu ya dola, huwa nazisoma vipande vya bure. Zina ukurasa wa Amerika ya Kaskazini, wa Ulaya, wa Asia na Pasifiki, kisha "Mashariki ya Kati na Afrika", Riyadh na Mombasa kwenye safu moja. Ushindani wanaoupima ni wa nani ana sensa bora na programu inayong'aa zaidi. Kwa kipimo hicho wote wamefaulu. Sijawahi kushika waya wa kisasa wa kampuni kubwa nikasema huu ni wa hovyo. Mnunuzi wa hapa akinisikiliza, atanunua wakala kwanza, waya baadaye.

Kwa hiyo sasa muuzaji akija simuulizi tena anapima kipande gani cha pigo la moyo. Namuuliza kama atauza waya mmoja mmoja au lazima boksi. Namuuliza kama atabadilisha unaokaribia kuisha muda, na aandike. Namuuliza kebo ya kuunganisha na monita yetu, aina yetu hasa, iko stoo Nairobi leo au "inaagizika". Namuuliza leseni ya programu inakwisha lini na ikikwisha skrini inafanya nini, kwa sababu nimeona skrini iliyoacha kufanya chochote. Namuuliza kifaa kimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu au kinakuja kwa kibali cha mara moja. Wengine hujibu vizuri. Mmoja aliniuliza mimi ni wa idara ya ununuzi. Nikamwambia hapana, mimi ndiye nitakayekupigia simu usiku.

Hukumu yangu, basi, kwa yeyote mwenye kathilabu ya ukubwa wa kwetu. Chagua waya mmoja, wa umeme au wa mwanga, kwa wakala aliye na stoo nchini na anayekubali kuuza kidogo kidogo. Ujue kuutumia bila dawa na kwa adenosini, na kila fundi wa zamu aujue, si mmoja tu. Ukiweza kuchagua wenye kupima joto, chagua huo, kwa ajili ya hao wanawake wa kifua kinachouma na picha safi. Usitie sahihi mashine ya bure kwa idadi ya nyaya usiyoifikia. Ni afadhali kulipia mashine na kununua nyaya kwa mahitaji. Kama huna waya kabisa na hutegemei kuupata, omba leseni ya majaribio ya QFR, upige picha zako vizuri, pembe mbili, na uwe mkweli kwa mgonjwa kuwa ni makadirio. HeartFlow ingoje mpaka ada yake iongee shilingi.

Nyota? Nyaya nampa kila mmoja nne kati ya tano bila kinyongo. Mawakala, wastani wa mbili, na mmoja ambaye nampa nne na nusu kwa sababu aliniletea kebo mwenyewe kwa basi la usiku, akateremka Mwembe Tayari alfajiri akiwa ameipakata. Huyo waya wake si ule daktari anaoupenda zaidi. Ndio tulioagiza robo hii.